Nyumba za mstari za Mji Mkongwe zikaguliwe kwa safu, si mojamoja

Mhariri,

Tafadhali tupe nafasi katika gazeti lako tuseme neno juu ya nyumba za mstari za Mji Mkongwe wa Zanzibar. Tunakusudia zile nyumba za maduka zilizoshikana kuta, chini duka, juu makaazi, zinazokwenda safu moja kutoka kichochoro hadi kichochoro Hurumzi, Mkunazini, Kiponda na Darajani. Majumba makubwa ya pwani yana watetezi. Sehemu ya Beit al-Ajaib, lile Jumba la Maajabu, ilipoporomoka tarehe 25 Desemba 2020, habari ilifika kila pembe ya dunia. Dari ya nyumba ya duka ikimeguka usiku wa masika, anayesikia ni jirani, na jirani huyo ndiye sababu ya barua hii.

Ombi letu ni moja. Kibali cha kukarabati nyumba iliyomo kwenye safu kisitolewe mpaka nyumba ya kulia na ya kushoto nazo zimekaguliwa, na masharti ya kazi yauhusu ukuta wa pamoja, sio chumba cha mwenye kibali peke yake. Mji huu ulitiwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, na Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe ipo tangu 1985. Sheria ya kuzuia watu kubomoa na kubadilisha sura ya nyumba tunayo. Kinachotuponyoka ni namna nyumba hizi zinavyobebana, na hilo halionekani ukisimama barabarani ukatazama uso wa nyumba moja.

Upana wa chumba cha Mji Mkongwe, kama cha Lamu, uliamuliwa na mti wa mkoko. Boriti yenye unene wa sentimita 11 hadi 14 hubeba sakafu ya chokaa vizuri ikiwa ukuta hadi ukuta hapazidi mita tatu hivi. Ukipita hapo huanza kupinda. Ndiyo maana vyumba ni vyembamba na virefu, vikifuatana kutoka barabarani kwenda nyuma: duka mbele, ghala nyuma yake, ngazi, kiwanda kidogo, yaani ua wa ndani, kilicho wazi juu kwa ajili ya hewa na mwanga, kisha jiko na choo. Juu ya duka kuna chumba kikubwa chenye madirisha ya barabarani, na mwenye uwezo aliongeza roshani ya mbao. Jumba la Treni pale Darajani linauonyesha mpango huu kwa urefu wake wote. Jina lenyewe linakueleza.

Ukuta una unene wa sentimita 50 hadi 60. Mwashi alipanga mawe ya matumbawe pande mbili, wa nje na wa ndani, katikati akajaza kokoto, chokaa na udongo mwekundu, kisha akatomea mianya kwa vijiwe kabla ya kupiga lipu. Jiwe la matumbawe lina vitundu; linakunywa maji na kuyaachia. Chokaa nayo ni vivyo hivyo. Ukuta wa namna hii hauna ugumu wa zege. Unasimama kwa uzito wake na kwa kushikwa na boriti kutoka pande mbili. Baina ya duka lako na la jirani upo ukuta mmoja tu. Vichwa vya boriti zako vimeingia humo sentimita 20 hadi 25 kutoka kwako, na vya jirani vimeingia kiasi hichohicho kutoka kwake. Piga hesabu: katika ukuta wa sentimita 50, kati ya kichwa cha boriti yako na cha jirani hapapiti hata kiganja.

Tukae kwanza kwenye maji, kwa sababu hapo ndipo nyumba nyingi zinapouawa na watu wenye nia njema. Maji ya ardhini hupanda ndani ya ukuta wa mawe kama mafuta yanavyopanda utambi. Ukuta ukiwa umepigwa chokaa pande zote mbili, maji hayo hupanda kidogo kisha hutoka kama mvuke, na chumvi iliyokuja nayo hubaki kwenye lipu. Baada ya miaka kadhaa lipu inabanduka, inapigwa nyingine. Watu huona huo ni udhaifu wa chokaa. Sivyo. Lipu ya chokaa imewekwa iliwe na chumvi ili jiwe lisalimike.

Sasa mwenye duka amechoka na unga mweupe unaodondokea bidhaa zake. Anaita fundi, fundi anampigia lipu ya saruji kutoka chini mpaka mita moja na nusu. Mwaka mmoja au miwili ukuta unapendeza. Ndani yake maji yamefungiwa mlango, kwa hiyo yanapanda juu ya mpaka wa saruji na mengine yanatokea upande wa pili. Jirani anaona ukuta wake uliokuwa mkavu umeanza kutoa jasho, naye anaita fundi, naye anapigiwa saruji. Ukuta umezibwa pande mbili. Unyevu unafika kwenye vichwa vya boriti za ghorofa ya kwanza, chumvi inaganda na kuvimba nyuma ya lipu, na siku moja bamba zima la saruji linaachia likiwa limebeba ngozi ya jiwe, sentimita mbili au tatu. Ukiona alama ya maji imekaa kama mkanda juu kidogo ya lipu ngumu ya kijivu, usitafute bomba lililopasuka. Tazama saruji, kisha kabishe hodi kwa jirani.

Kuzifungua kuta hizi kunataka subira. Saruji itolewe kwa tindo na nyundo nyepesi, kuanzia juu kwenda chini, kwa vipande vya ukubwa wa sahani. Mashine ya kuvunjia zege isiingie humu kabisa: mtikisiko wake unalegeza ujazo wa katikati ya ukuta, na ujazo ukishalegea unashuka chini na kuufanya ukuta uvimbe tumbo. Mahali ambapo saruji imeshika mpaka inavuta jiwe, iache. Ichore mikato ya mraba ili ukuta upate pa kupumulia, ungoje iachie yenyewe. Halafu ukuta ukauke. Kadirio wanalolitumia mafundi wa majengo ya zamani ni mwezi mmoja kwa kila sentimita mbili na nusu za unene. Ukuta wa sentimita 50 basi unahitaji miezi 20 hivi. Ukifunguliwa pande zote mbili muda huo unapungua sana. Ukifunguliwa upande mmoja, na wa pili ukabaki na saruji, hata hiyo miezi 20 haitoshi. Hapa ndipo kibali cha nyumba moja kinapoonyesha upungufu wake. Mtu anaweza kufuata kila sharti, akatumia chokaa safi, akapoteza fedha zake zote kwa sababu ya mita sita za saruji zilizoko kwa mwenzake.

Tunasikia kila mara kwamba chokaa ya siku hizi haishiki. Inashika ikiandaliwa. Mawe ya matumbawe yakichomwa vizuri kwenye tanuu hupoteza karibu asilimia 44 ya uzito wake. Bonge likitoka zito kama lilivyoingia, halijaiva ndani. Kuizima, yaani kuilainisha kwa maji, weka maji baridi yasiyo na chumvi kwanza kwenye pipa, ndipo udumbukize mabonge kidogokidogo. Ukimwaga maji juu ya mabonge, yatachemka na kukurukia usoni, na chokaa inapofusha. Vaa miwani na glavu, na ndoo ya maji safi iwe karibu. Uji wake uchujwe, uwekwe shimoni au pipani ukiwa umefunikwa na maji kina cha kiganja, usiguswe kwa miezi mitatu angalau. Ulioiva hukatika kwa mwiko kama siagi na hauna punje. Usioiva unakuja kulipuka ukutani: punje iliyosalia inazimika ndani ya lipu, inavimba na kurusha kigaga kidogo cha mviringo. Nyumba ikiwa na vishimo vidogovidogo vya duara kwenye lipu mpya, hiyo ndiyo sababu.

Chokaa ya mfuko inafaa ikiwa changa. Iloweke tangu jana yake, au siku zaidi. Kasoro yake ni mifuko iliyokaa ghalani ikanywa hewa, ikageuka unga wa jiwe usioshika chochote. Kipimo chake kipo jikoni. Chukua kijiko cha unga, kamulia ndimu. Ukitoa povu jingi, chokaa hiyo imekufa; irudishe dukani.

Kwa kuaka, yaani kujenga mawe, na kwa lipu ya kwanza, karai moja ya chokaa kwa karai tatu za mchanga. Lipu ya mwisho, moja kwa mbili na nusu, mchanga ukiwa mwembamba zaidi. Mchanga wa pwani usitumike, kwani utakuwa umeiingiza mwenyewe ile chumvi unayoikimbia. Udongo mwekundu wa waashi wa zamani ni wa katikati ya ukuta, usiletwe kwenye lipu ya nje. Kabla ya kupiga, nyunyiza ukuta maji mpaka uache kuyanywa kwa pupa. Kila tabaka lisizidi sentimita moja, likwaruzwe likiwa bado bichi, liachwe siku kadhaa kabla ya linalofuata. Adui mkubwa wa lipu mpya ni jua la mchana na upepo wa kaskazi. Chokaa hugeuka jiwe kwa kunywa hewa polepole, na kazi hiyo inahitaji unyevu. Ikikaushwa kwa siku moja inabaki unga uliobanwa, ukiupitishia kidole unatoka. Tundika magunia yaliyoloweshwa mbele ya ukuta kwa wiki nzima. Gharama yake ni ndoo za maji na mtu wa kuzibeba.

Penye maji kila siku, kama chini ya mlizamu unaomwaga maji ya paa au chumba cha kuogea, ongeza unga wa matofali ya kuchoma: karai moja ya chokaa, moja ya unga huo, mbili za mchanga. Mchanganyiko huo hushika hata penye unyevu. Wako wenzetu wanaotia saruji kidogo ndani ya chokaa ili kazi iende haraka. Tunawasihi waache. Kiasi hicho hakitoshi kuupa ukuta nguvu, na kinaiharibu chokaa isishike kwa tabia yake. Rangi ya plastiki nayo ni ndugu wa saruji, inaziba. Uso wa nyumba upakwe chokaa nyepesi kama maziwa, mikono minne au mitano, na usikubali fundi akuuzie mikono miwili mizito, maana itabanduka kama magamba.

Sasa boriti. Kichwa kilichomo ukutani huoza mapema kuliko sehemu unayoiona. Dari imepakwa rangi, chumba kinaonekana kizima, kumbe ndani ya ukuta mti umekuwa unga. Chukua msumari wa inchi nne, uchome boriti pale inapoingia ukutani, chini na ubavuni. Msumari ukizama zaidi ya sentimita moja kwa nguvu ya mkono tu, boriti hiyo haina kazi tena. Gonga katikati yake: mti mzima unatoa mlio mkavu, ulioliwa na mchwa unatoa mlio wa ngoma iliyolegea. Kisha panda juu utazame pale sakafu inapokutana na ukuta. Ukiona mwanya mpya, sakafu imeshuka.

Sakafu ya chokaa ni nzito kuliko wengi wanavyodhani. Boriti zimepangwa karibukaribu, sentimita 30 hivi, juu yake vipande bapa vya mawe, juu yake zege la chokaa na kokoto lililopondwa kwa mbao mpaka likashikamana. Hiyo ndiyo kusakifu. Ikiwa na unene wa sentimita 20, mita moja ya mraba ina uzito wa kilo 350 hivi kabla hujatandika mkeka. Anayeweka saruji ya sentimita tano na vigae juu yake anaongeza kilo 100 na zaidi kwa kila mita ya mraba, na maji yakipenya kwenye viungo vya vigae hayatoki tena. Tangi la plastiki la lita 1,000 likijaa ni tani moja iliyokaa juu ya eneo la mita moja ya mraba hivi, ilhali sakafu ya makaazi hukadiriwa kubeba kilo 150 hadi 200 za watu na vyombo katika eneo hilo. Tumeona matangi matatu juu ya chumba kimoja, mstari mmoja, kwa sababu nyumba imegeuzwa ya wageni na kila chumba kimepewa bafu. Tangi likae chini, kiwandani, na pampu ipandishe maji kwenye kitangi kidogo kilichokaa juu ya mbao nene zinazovuka kutoka ukuta hadi ukuta. Na ikiwa moja ya kuta hizo ni ya pamoja, jirani aambiwe kabla.

Kubadilisha boriti, tia mwega kwanza, yaani nguzo ya muda ya kuegemeza. Mwega wa ghorofa ya pili usiishie juu ya sakafu ya ghorofa ya kwanza, kwani hapo umeuhamisha mzigo tu. Lazima miega isimame mmoja chini ya mwingine mpaka ardhini, juu ya ubao wa unene wa sentimita tano, na upande wa pili wa ukuta wa pamoja nako iwepo, yaani chumbani kwa jirani. Toa boriti moja, weka moja, kisha nenda kwenye nyingine, usizitoe mbili zilizo jirani kwa pamoja. Boriti mpya iwe kavu, imetolewa gamba, na kichwa chake kilale juu ya jiwe bapa lililowekwa kwa chokaa, ubavuni kikiachiwa nafasi ya kidole ya hewa. Kichwa kisifungwe nailoni wala kisipakwe lami. Maji yaliyomo ndani ya mti yatakosa pa kutokea, na kitaoza kabla ya kile kisichopakwa. Kwa kuwa ukataji wa mikoko una udhibiti, na ni haki uwe nao, mbao ngumu iliyopasuliwa kwa kimo kilekile ni badala nzuri. Mvinje ni mzuri kwa miega na majukwaa ya kazi. Kwa boriti ya kudumu hatuushauri.

Jambo tunalolipinga kwa nguvu zetu zote ni kubadilisha sakafu ya boriti kwa bamba la zege. Ili bamba lipate pa kukaa, fundi anachimba mfereji ukutani, kina cha sentimita 15 au zaidi, urefu wote wa chumba. Ukuta umepunguzwa karibu theluthi ya unene wake mahali hapo, na vichwa vya boriti za jirani vimebaki bila kitu nyuma yao. Nondo zilizomo, kwa hewa hii yenye chumvi, zikianza kutu zinavimba na kupasua zege kwa ndani. Mwenye bamba anajiona amejenga imara. Nyumba inayolipa ni ile isiyoguswa.

Uso wa duka una maradhi yake. Zamani mlango wa duka ulikuwa mbao za kukunja, na baina ya mlango na mlango palisimama nguzo ya mbao au ya mawe. Leo mpangaji anataka uwazi mmoja mpana, kioo na mlango wa chuma wa kuviringisha, basi nguzo ya katikati inatolewa. Tazama kilichoko juu yake. Ukuta wa unene wa sentimita 50 uliopanda mita saba juu ya mlango una zaidi ya tani sita kwa kila mita moja ya upana, na hapo sakafu na paa hazijahesabiwa. Mzigo huo ukinyimwa nguzo yake unakimbilia nguzo za pembeni, na nguzo ya pembeni katika safu ni nusu yako na nusu ya jirani. Dalili ya kwanza ni ufa wa kupanda mshazari kutoka pembe ya mlango, na dirisha la juu linaanza kukwama. Kwenye roshani, dalili ni mbao za sakafu kuinamia barabarani. Roshani inashikwa na mikono ya mbao iliyozikwa ukutani, na ukuta ukilegea pale chini, mikono inageuka vyuma vya kung'olea mawe. Milango ya kuchonga watu wanaijali wenyewe, hatutaisemea.

Ufa usizibwe kabla haujapimwa. Chora alama mbili kwa penseli, moja kila upande wa ufa, andika tarehe na umbali, urudi kila mwezi. Ufa uliojaa vumbi na utando wa buibui, na ambao haujaongezeka kupita masika na vuli, umelala. Ule wenye kingo safi na unaoongeza hata milimita moja kwa mwezi uko hai, na kuuziba ni kuficha taarifa. Timazi, uzi wenye kizito chini, nayo idondoshwe kutoka dirisha la juu, ipimwe mahali palepale kila baada ya msimu.

Paa tutalipitia upesi, ingawa maji mengi yanaanzia huko. Nyumba nyingi zilikuwa na paa bapa la sakafu, baadaye zikavikwa kenchi na mabati. Katika safu, mabati ya nyumba mbili mara nyingi humwaga maji kwenye mfereji mmoja uliolala juu ya ukuta wa pamoja. Paa la mita 60 za mraba likipigwa na mvua ya milimita 50 hutoa lita 3,000. Kwa nyumba mbili zinazomwagia hapo kila moja nusu ya paa lake, ni lita 3,000 zinazopita juu ya kichwa cha ukuta wa matumbawe kwa mvua moja. Mfereji ukizibwa na majani, au ukiwa na mteremko chini ya sentimita moja kwa kila mita, maji yanafurika ndani ya ukuta na kushuka boriti kwa boriti. Mlizamu utoke nje ya ukuta kwa sentimita 30 angalau. Mche wa mtini uliochipua kwenye ukingo using'olewe kwa kuvutwa, unatoka na mawe. Ukatwe, mizizi iuawe, kisha mwanya utomewe. Na maji ya viyoyozi yaongozwe kwa bomba mpaka chini. Tone dogo lisilokatika mwaka mzima linaozesha boriti kama mvua.

Imebaki nyumba iliyokwisha anguka au kubomolewa katikati ya safu. Ukuta uliokuwa wa ndani sasa uko uwanjani: hauna lipu ya nje, vichwa vya boriti vimeacha mashimo wazi, na uzito wa jirani unausukuma upande mmoja pasipo wa kuurudisha. Ukuta huo haukuakwa kwa ajili ya mvua. Ndani ya wiki moja mashimo yajazwe mawe na chokaa, kichwa chake kifunikwe, lipu ipigwe, na miega ya mshazari isimamishwe kutoka ardhini. Anayejenga upya kwenye pengo akichimba msingi wa zege chini ya kina cha msingi wa jirani, asifungue mtaro wote kwa mpigo. Achimbe vipande vya mita moja, akiruka, ajaze kimoja kabla ya kufungua kilicho karibu nacho. Misingi ya zamani haina kina, na mtaro wa mita mbili uliojaa maji ya mvua usiku mmoja unatosha kuibeba.

Tunajua ugumu uliopo. Katika safu moja utakuta nyumba ya Wakfu, ya Serikali na ya mtu binafsi zimefuatana; juu anakaa mpangaji huyu, chini ana duka mwingine, na mwenye nyumba yuko Muscat au London. Hata hivyo tunachoomba si kikubwa. Fomu ya kibali iwe na mchoro wa kuta mbili za pembeni, ukionyesha pande zote mbili zimepigwa nini, chokaa au saruji, na boriti za jirani zimekaa wapi. Mkaguzi aingie nyumba tatu badala ya moja. Jirani atie saini kwamba ameonyeshwa kazi. Mwenye kibali anayefungua saruji upande wake, jirani yake apewe kibali cha kufanya hivyohivyo bila kuanza foleni upya. Na kila mtaa uwe na shimo moja la chokaa ya kuiva, kwa sababu mtu mmoja mmoja hawezi kungoja miezi mitatu huku dari imemwinamia.

Masika yanaanza Machi. Safu inayotaka kuanza sasa hivi, bila kibali cha mtu, ianze na mifereji ya juu ya kuta za pamoja: nyumba mbilimbili, ngazi moja, ndoo moja, kutoka mwanzo wa safu hadi mwisho wake.

Waashi na mafundi wa chokaa,
Mji Mkongwe, Zanzibar